Joho Jekundu na Skafu ya Kijani

Jina lake lote, ukilitaja bila kuruka, ni Mama Mkasi, binti wa Mshona Mahema, mjukuu wa Bibi Tondoo aliyeshona kwa mkono mpaka macho yakagoma, mke wa marehemu Dereva wa Maziwa, mama wa mtoto mmoja na mkwe mmoja. Ndiye aliyekata sare za shule tatu kwa miaka thelathini na minane. Ndiye aliyekata gauni la bibi harusi kutoka kwenye pazia, mwaka vitambaa vilipoadimika, na wageni wakaulizana kitambaa kile kimetoka ng'ambo ipi. Ndiye aliyemwambia mkuu wa shule, mbele ya walimu wake, kwamba suruali aliyoivaa ilikatwa na adui yake. Na ndiye ambaye, akiwa na miaka sitini na saba, alikaa mbele ya runinga akaanguka kutoka kwenye daraja moja mara mia mbili na kumi na nne, akazihesabu zote, na hakuona haya kuzitaja.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, mlango ukifungukia barabarani. Cherehani mbili zilikaa dirishani penye mwanga, na katikati kulikuwa na meza ndefu ya kukatia, ubao wake umelainika kwa kusuguliwa na nguo mpaka ukang'aa kama kisigino cha tajiri. Mkasi ulining'inia ukutani, kwenye msumari wake peke yake. Ulikuwa mkasi wa chuma, mzito, mrefu kutoka kiganjani hadi kiwiko. Baba yake aliukatia mahema, naye akaukatia sare. Hakuna mtu mwingine aliyeugusa. "Mkasi una mkono wake," alikuwa akisema. "Ukiuazimisha, unarudi haukujui."

Hata Mama Pacha hakuugusa. Mama Pacha, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mwenyewe alizaliwa pacha, alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, dereva wa lori aliyekuwa nyumbani wiki moja na barabarani tatu. Miaka kumi na moja Mama Pacha alikaa kwenye cherehani ya kushoto, akashona kola na mifuko kwa kasi ambayo Mama Mkasi mwenyewe aliisifu, ingawa alimsifu akiwa hayupo. Lakini kukata, hata leso hakukata. Alipewa vipande vimekwisha kukatwa, vimefungwa kwa kamba, naye anashona.

Kiharusi kilikuja Jumanne asubuhi, Mama Mkasi akiosha vikombe. Kikombe kilimtoka mkononi, akainama kukiokota, na alipoinuka hakuinuka mzima. Mdomo ulirudi ndani ya wiki moja. Majirani walisema hata kiharusi kisingeweza kuufunga kwa zaidi ya hapo. Mguu ulirudi baada ya miezi miwili. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Vidole vilijikunja kama mtu aliyeshika siri, na kile cha shahada, kidole cha mkasi, kilikuwa kizito kuliko vyote.

Nesi wa mazoezi alimpa mpira laini, aubane mara mia asubuhi na mara mia jioni. Aliubana siku tatu, akautia kwenye droo ya vifungo.

"Mama, nesi alisema kila siku," Mama Pacha alimkumbusha.

"Nesi aubane yeye. Mimi si mtoto anayeota meno."

Lakini nyuma ya ukali ule palikuwa na hofu, na wote wawili waliijua. Shule ya karibu ilikuwa imeagiza mashati mia moja na ishirini. Zilikuwa zimebaki wiki kumi na mbili shule zifunguliwe, na Mama Pacha alihitaji nne za kushona, si pungufu. Majora ya kitambaa cheupe yalikuwa rafuni, yamekaa kimya yakimtazama. Nani atakata?

Mama Pacha alijaribu kulisema kwa upole. "Tunaweza kupeleka vitambaa kwenye karakana kubwa, wakakata kwa mashine. Kazi ya siku moja."

"Shati la nyumba hii likatwe na mtu asiyejua mtoto yupi ana mabega ya babu yake?" Mama Mkasi aliuliza. "Nitakata mwenyewe. Mkono huu hautanizidi ujeuri."

Mama Pacha akarudi kwenye cherehani yake. Kwa Mama Mkasi kukata hakukuwa kazi tu. Kama angeacha kukata, hakujua angeitwa nani.

Sasa, milango miwili mbele, alikuwepo Shemeji Waya, mdogo wake marehemu Dereva wa Maziwa, fundi wa redio na runinga. Hakuwahi kuoa, alisema hajapata mwanamke anayeweza kukaa kimya wakati wa taarifa ya habari. Yeye na Mama Mkasi walikuwa wametaniana miaka arobaini bila kupumzika. Alasiri moja alikuja na kitu kimefungwa kwenye gunia.

"Shemeji, nimekuletea mazoezi ya mkono."

"Mpira mwingine?"

"Huu hauviringiki." Akafungua gunia. Ilikuwa mashine ya gemu, nyeusi, yenye vumbi kwenye matundu. Mteja aliiacha kwake miaka minne iliyopita, akahama na hakurudi. Shemeji Waya alikuwa ameifungua, akaisafisha, akabadilisha feni. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na diski mbili.

"Mimi mwanamke mzima nikae nibofyebofye? Watu watasema kiharusi kimepanda kichwani."

"Watu walishasema," Shemeji Waya akajibu, akichomeka waya nyuma ya runinga. "Angalau sasa wapate ushahidi."

Akampa padi, kile kidude cha kushika kwa mikono miwili. Juu kilikuwa na vitufe na vijiti viwili vya kusukuma kwa gumba, na nyuma, mahali ambapo kidole cha shahada hulala chenyewe, kulikuwa na kitufe kirefu kinachobonyea kidogo kidogo kama kishikio cha breki ya baiskeli. Mama Mkasi akakigeuzageuza, akakitazama chini na juu. "Kimekatwa vizuri," alisema. "Kimefuata kiganja." Hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Majina ya gemu zile yaliandikwa kwa lugha ya watu wengine, naye hakuhangaika nayo. Mteja ambaye hujui jina lake unamwita kwa nguo aliyovaa. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mwenye joho jekundu, basi ikawa Joho Jekundu. Ya pili ilikuwa ya mwanamke mwenye skafu shingoni, ikawa Skafu ya Kijani. Ukizitazama kwa mbali ungesema ni ndugu waliokatwa jora moja. Kila mmoja alikuwa mjumbe, ametumwa peke yake kupeleka kitu kilichofungwa asichoruhusiwa kukifungua. Kila mmoja alikuwa na kamba kiunoni na upinde mgongoni. Wote wawili walipanda kuta za miji iliyobomoka, wakaruka mashimo, wakakwepa majambazi wenye vinyago. Hata jitu la mwisho lilikuwa la mawe huku na la mawe kule, isipokuwa moja lilikuwa na ndevu.

"Nani kamshonea huyu joho refu hivi, na anapanda miamba?" Mama Mkasi akauliza. "Litanasa."

"Ni gemu, shemeji."

"Hata gemu ina fundi wake. Na huyu wa skafu, bega la kushoto limekaa chini kuliko la kulia. Kama aliyemshonea alikuwa na njaa."

Walianza na Joho Jekundu. Ndani ya dakika moja alianguka. Wakamrudisha, akaanguka. Akapanda hatua nne, akashika ukingo, na kidole cha Mama Mkasi kikafunguka chenyewe; joho likapeperuka, akazama kwenye ukungu bila hata muziki. Mama Mkasi akaachia padi. Alitazama mkono wake uliolala pajani.

"Tujaribu huyu mwingine," Shemeji Waya akasema upesi, akatoa diski, akaweka ya pili, akahangaikahangaika na vitufe kabla ya kumrudishia padi.

Skafu ya Kijani alipanda. Mama Mkasi alibofya, msichana akaruka, akadaka ukingo kwa vidole vyake mwenyewe, akajivuta juu. Ngoma ikalia. Nyota zikamwagika kwenye kioo chote. Mama Mkasi akaegemea kiti.

"Ehe," alisema. "Kumbe huyu ana adabu."

Wiki tatu zilizofuata, kila saa kumi alasiri, Shemeji Waya alifunga duka lake, akaja, wakakaa. Mama Mkasi aliruka mashimo, akapiga mishale ambayo haikukosa. Kila alilofanya ngoma ililia. Mama Pacha alisimama mlangoni na pini mdomoni, akitazama ndege wa rangi wakiruka juu ya msitu. Skafu ya Kijani alikuwa na rafiki, mzee mmoja mnene wa kwenye gemu, aliyetoa vichekesho kila walipopumzika. Shemeji Waya hakuyajua maneno lakini alicheka kwa kufuata sauti. Mwisho wa wiki ya tatu jitu la mawe lenye ndevu lilianguka chali, na mji wote ukamshangilia.

Mama Mkasi aliweka padi chini, akafungua na kufunga vidole mara tatu.

"Mkono umerudi," alisema.

Shemeji Waya alifungua mdomo, akaufunga, akasema amesahau chuma chake cha kuchomelea kwenye umeme, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata Mama Mkasi alishusha jora, akatandika tabaka nane za kitambaa mezani, akazinyoosha kwa kiganja mpaka kona zikaafikiana. Akaweka karatasi za vipimo, akachora kwa chaki. Akautoa mkasi msumarini. Mama Pacha alizima cherehani ili asimsumbue, akakaa mikono mapajani.

Mgongo ulikwenda vizuri. Mstari ulionyooka hauhitaji vidole sana. Uzito wa mkasi unajiendesha, bega linasukuma. Chuma kililia juu ya ubao kwa ile sauti aliyoijua tangu utoto, naye akatabasamu. Kisha akafika kwenye kwapa. Kwapa ni kona. Kwenye kona mkasi unabanwa, unashikiliwa hapo hapo wakati mkono unageuka, unalegezwa kidogo, unabanwa tena, na tabaka nane zote zisijue kwamba umegeuka. Alipofika katikati ya kona kidole cha shahada kilifunguka. Hakikuuma, hakikutetemeka. Kilifunguka tu, kama mlango usio na komeo. Makali ya chini ya mkasi yakateleza mbele, yakang'ata mashati manane kutoka kwapani hadi karibu na kifua.

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, gurudumu lake likilia.

Mama Pacha aliinuka, akachukua futi yake ya kamba, akapima kutoka lilipoishia jeraha. "Yatatosha wa darasa la kwanza," alisema.

"Usinifariji."

"Sikufariji, Mama. Napima."

Mama Mkasi aliurudisha mkasi msumarini kwa mkono wa kushoto, akaenda kukaa chumba cha nyuma.

Saa kumi Shemeji Waya alipokuja alikuta runinga imezimwa. Alisimuliwa. Alikaa ukingoni mwa kiti, akakuna kisogo, akavua miwani, akaivaa tena.

"Shemeji, nikuambie jambo, ukitaka kunipiga unipige kwa ule wa kushoto."

"Sema."

"Kwenye ile ya kijani kuna mahali pa kuwasha msaada. Niliuwasha siku ile ya kwanza. Nikausukuma mpaka mwisho. Msichana anadaka ukingo mwenyewe, na mshale unamfuata adui wenyewe. Hata ungebofya kwa kiwiko angepanda."

Mama Pacha, aliyekuwa akisikia kila kitu kutoka mbele, alisimamisha cherehani.

"Kwa nini?" Mama Mkasi akauliza.

"Nilikuona ulivyoutazama mkono wako ulipoanguka na yule wa joho. Uliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Sikuweza."

"Marehemu kaka yako," Mama Mkasi alisema polepole, "aliniambia mboga ina chumvi mbele ya wageni wanane. Nilikasirika mwezi mzima. Lakini tangu siku ile sikutia tena chumvi nyingi. Wewe umenisifia mshono ambao haupo, nimekwenda nao barabarani, umefumuka mbele ya watu."

"Mgema akisifiwa..."

"Usimalizie. Mgema ni mimi, na tembo limeshaingia maji, nalijua hilo." Akanyoosha mkono. "Nipe padi. Zima huo msaada."

Shemeji Waya alidhani atarudi moja kwa moja kwa Joho Jekundu, lakini Mama Mkasi hakuwa mtu wa kuhukumu kitambaa kwa makosa ya muuzaji. Gemu zote mbili zingejaribiwa sawa, bila msaada, siku nne nne. Akamwambia Mama Pacha amletee gamba la katoni na chaki, akawa anaweka alama.

Basi hapo ndipo walipobishana, na ubishi wao ulisikika mpaka kwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Skafu ya Kijani, hata bila msaada, ilikuwa nzuri. Mama Mkasi hakulikana hilo. Msitu wake ulikuwa na majani ya kila namna, na nyimbo zake alijikuta akiziimba akiosha uso. Lakini ukibofya mara moja msichana anashika ukuta mpaka kesho, ukitaka nenda kapike urudi. Ukianguka wanakupigia muziki wa msiba, kisha wanakurudisha kule mwanzo kabisa, mlangoni pa pango.

"Inakuhurumia halafu inakuadhibu," Mama Mkasi alisema. "Nina shangazi alikuwa hivyo."

Joho Jekundu ilikuwa kavu. Mawe, kijivu, upepo. Hapakuwa na mzee mnene wala ndege. Lakini ile kamba! Kitufe cha nyuma kilikuwa ndicho kiganja cha yule mwanamke. Ukikibonyeza chote, anasimama kwenye kamba. Ukikibonyeza nusu, anateleza taratibu. Ukikiachia, anaanguka. Na akianguka, hakuna msiba wala shangwe; unajikuta umesimama pale pale ulipokuwa, kamba mkononi, kama mtu aliyeambiwa: haya, tena.

"Mtu kachomwa na lehemu kutwa nzima," Shemeji Waya alilalamika, "macho yamemtoka kwa kutazama vijiwaya, anakuja kupumzika, unataka aende akaanguke kwenye ukungu? Mimi nabaki na Kijani wangu."

"Baki naye. Ni nguo ya kutokea, haina ubaya, na inakupendeza. Mimi natafuta ya kufanyia kazi."

"Kwa hiyo umechagua?"

"Nimechagua. Huyu wa joho. Hanipendi wala hanichukii. Ananiambia kidole kimefika wapi."

"Mama Pacha!" Shemeji Waya akaita. "Njoo uamue, mama mkwe wako kaolewa na joho."

"Mimi nampenda yule mwenye ndege," Mama Pacha akajibu kutoka mbele.

"Hakuna aliyekuuliza," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Sasa katika Joho Jekundu kuna daraja lililovunjika katikati. Huwezi kuruka. Inabidi ufunge kamba, ushuke mpaka kwenye nguzo ya chini, ndipo uvuke. Kushuka kwenyewe ni nusu, nusu, simama, kwa sababu kuna mawe yanayodondoka na lazima uyasubiri yapite. Ni hapo Mama Mkasi alipokwama. Alihesabu kwa sauti kila alipobana: moja, mbili, tatu. Siku ya kwanza kidole kilifunguka kwenye kumi na mbili. Baada ya siku tatu kikafika kumi na nne. Wiki ya pili kumi na saba. Akafurahi. Akaandika kumi na tisa kwenye katoni, akapigia mstari chini yake.

Ikabaki kumi na tisa. Siku moja, mbili, kumi. Alijaribu asubuhi, mwili ukiwa mpya. Akaupasha mkono kwa maji ya moto. Akautoa hata ule mpira wa nesi kwenye droo ya vifungo, akaubana mara mia na mia nyingine, na hakumwambia mtu. Kumi na tisa. Na baada ya mara ya tatu mfululizo kilishuka hadi saba, kikahitaji kupumzika mpaka alasiri.

Ile kona ya kwapa aliijua kama anavyojua jina lake. Tabaka nane ni hesabu ya thelathini na tano bila mkono kulegea. Aliwaza kukata tabaka mbili mbili. Kumi na tisa ingetosha, mara ya kwanza, na ya pili. Ya tatu je? Mashati mia moja na ishirini yana makwapa mangapi? Hakuhitaji chaki kuijibu hesabu hiyo. Wiki zilikuwa zimebaki tano.

Siku hiyo Shemeji Waya alikuwa amekwenda kutengeneza antena ya mtu. Joho Jekundu alining'inia kwenye kamba, mawe yakadondoka, Mama Mkasi akafika kumi na nane, kumi na tisa, na kidole kikafanya kama kawaida yake. Mara ya mia mbili na kumi na nne. Mama Pacha alikuwa akipita na rundo la mashati ya darasa la kwanza, yale manane, yamekwisha pigwa pasi.

"Hebu weka hayo chini," Mama Mkasi akasema. "Shika hapa."

"Mimi? Mama, mimi nitamwangusha."

"Keshaanguka mara mia mbili na kumi na nne. Hatashangaa."

Mama Pacha alikaa, akafuta viganja kwenye gauni, akapokea padi. Alimwangusha mara ya kwanza kabla hata hajaanza kushuka. Akamwangusha tena. Mara ya tatu alimwangusha katikati, akasema, "Ah, nilibana kwa woga," akarudi juu bila kutupa mkono wala kulaumu kitufe.

Mama Mkasi aliacha kutazama runinga. Miaka kumi na moja alikuwa ameitazama mishono ya mkwe wake, akaikagua kwa ukucha, akaifumua palipostahili. Mikono yenyewe hakuwahi kuitazama. Ilikuwa mikono mifupi, kucha zimekatwa mpaka chini, kidole cha shahada kina sugu ya sindano. Na ilikuwa imetulia. Haikubana zaidi ya ilivyoombwa.

"Nusu," Mama Mkasi akasema kwa sauti ya chini. "Nusu hiyo hiyo. Sasa yote. Subiri, jiwe linakuja. Subiri. Usikaze bega, bega halina kazi hapo. Legeza kidogo. Kidogo, nimesema, humwagi maji. Nusu tena."

Mama Pacha alifuata. Mama Mkasi alikuwa akihesabu moyoni bila kukusudia, na alipofika thelathini yule mwanamke alikuwa bado kwenye kamba. Alipofika hamsini na mbili, miguu yake ikagusa nguzo. Upepo tu ukavuma. Joho likatulia.

"Ndiyo hapo?" Mama Pacha akauliza. "Mbona hawapigi ngoma?"

"Huyu hana ngoma. Lete nivuke mimi, hapo mbele napaweza." Na kweli alipaweza. Alivuka nguzo kwa nguzo, akapanda ngazi ya ng'ambo, akaingia mji wa pili ambao alikuwa ameungoja karibu mwezi mzima. Kulikuwa na mnara na uwanja mtupu wenye vigae. Aliuzunguka wote, taratibu, akitazama. Kisha akaweka padi chini, akakaa na mikono yake miwili magotini mpaka Shemeji Waya alipokuja, na hakumwambia kitu zaidi ya kwamba daraja limevukwa.

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mdomo wangu," alisema. "Kumbe ndicho kiungo kilichopona vizuri kuliko vyote."

Asubuhi ilipofika alimkuta Mama Pacha ameshafungua mlango wa mbele na kufagia. Akashusha jora, wakatandika pamoja, tabaka nane. Mama Mkasi alishika chaki kwa mkono wa kulia. Chaki haina uzito, mkono uliweza. Akachora mgongo, bega, kifua, na kona mbili za kwapa, polepole, mstari mmoja bila kuurudia. Kisha akautoa mkasi msumarini, akauweka mezani, kishikio kikimwelekea mkwe wake.

Mama Pacha alirudi nyuma hatua moja. "Mama, huu ni wako."

"Ulikuwa wa baba yangu. Kabla ya hapo ulikuwa wa duka."

"Sijawahi kukata hata leso."

"Hilo ni kosa langu, na nimelikalia miaka kumi na moja. Kukata ni kazi yako kuanzia leo, haya mia na ishirini na yatakayokuja. Mimi nitachora na nitasema. Nikisema sana utaniambia nikanywe chai."

"Siwezi kukuambia hivyo."

"Utaweza. Kufika shati la arobaini utaweza." Akavuta kiti, akakaa ubavuni mwa meza, mahali ambapo kona ya kwapa inaonekana vizuri. "Shika. Gumba tundu la juu, vidole vitatu la chini, shahada ibane chuma kwa nje. Anza na mgongo, makwapa tutayafikia. Haya, weka ncha kwenye chaki, mwanangu. Nusu."